Sanaa Isiyotiwa Alama na Faraja ya Moyo

Nchi ya Rungwe imejaliwa vitu vitatu ambavyo mkono wa mtoto hauwezi kuviona ukavipita: udongo mzito uliozaliwa na majivu ya volkano za kale, mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, inayoufanya udongo huo uwe laini karibu majira yote, na migomba, ambayo magome yake yakikauka hukubali kukunjwa, kusukwa na kufungwa hata yakawa mpira, mwanasesere au gari. Ndiyo maana katika kata ya Matwebe, kama ilivyo katika vijiji vingine vya wilaya hiyo, mtoto aliyeachiwa alasiri moja asitumwe maji wala kuni hana haja ya duka ili apate cha kutengeneza. Mtu mzima apitaye njiani huona nguo iliyochafuka. Huenda akakaripia, huenda akacheka akaenda zake. Ni nadra asimame akajiuliza ni jambo gani hasa linalotendeka ndani ya nafsi ya mtoto yule wakati vidole vyake vinamkanda ng'ombe wa udongo na kumpa pembe ndefu kupita kiasi.

Swali hilo, lionekanalo dogo, lina uzito mkubwa kwa watu wa mahali hapo. Mkoa wa Mbeya, ambamo Rungwe imo, ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania iliyoumizwa sana na ukimwi, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 uliukuta bado na watu wazima wapatao 9 katika kila 100 wanaoishi na virusi vyake. Nyuma ya hesabu hiyo wamo watoto waliolelewa na bibi zao, wajane waliozika na kurudi shambani kesho yake kwa kuwa chai haingojei matanga yaishe, na wanaume ambao hawajapata kumwambia mtu yeyote walichokiona wodini. Matabibu wa maradhi ya akili ni wachache mno nchini, na aghalabu wamo katika miji mikubwa. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama mchezo wa mikono, kuchora, kufinyanga, kusuka, kupaka rangi, kuimba na kucheza, unaweza kuutuliza moyo uliojeruhiwa, haulizi jambo la anasa. Anauliza kama kuna dawa iliyomo uani ambayo tumeipita kila siku bila ya kuijua.

Rai yangu ni kwamba imo, lakini haimo katika udongo wala katika rangi. Imo katika mambo mawili yaendayo pamoja: ruhusa ya kutengeneza kitu bila ya kupimwa, na kuwapo kwa mtu mwingine aliyekaa karibu asiyeondoka. Likikosekana la kwanza, sanaa hugeuka mtihani. Likikosekana la pili, mtu hubaki na picha yake mbele ya macho na simanzi yake kifuani, kila kimoja mahali pake, visikutane. Nitajaribu kuonyesha kwamba wenyeji wa Rungwe waliyajua mambo haya mawili zamani, kwamba karne iliyopita iliyatenga moja na jingine, na kwamba kuyaunganisha tena hakuhitaji fedha nyingi, ingawa kunahitaji subira ambayo si rahisi kuipata.

Hapa sisemi juu ya sanaa ya mabingwa. Mchongaji wa Kimakonde aliyefundwa tangu utotoni, au fundi wa nakshi za milango ya Unguja, anastahili heshima yake, na huenda naye kazi yake humpa faraja. Ila yeye ana deni kwa ufundi wenyewe, na deni hilo halimruhusu kukosea ovyo. Sanaa ninayoisema ni ile ambayo kukosea si taksiri: mstari wa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, kinyago cha gome la mgomba, wimbo uliotungwa papo hapo na kusahauliwa jioni. Haina mnunuzi, haina hakimu, na haitundikwi ukutani isipokuwa mwenyewe akitaka.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, hawakungoja tabibu wa ng'ambo awafundishe kwamba huzuni isiyopewa umbo hugeuka maradhi. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila waliokaa Rungwe katikati ya miaka ya 1930, waliacha maelezo marefu juu ya maziko ya watu wa huko. Godfrey aliyaandika katika makala ya mwaka 1939, na Monica, baada ya kifo cha mumewe mwaka 1944, akayarudia kwa mapana zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya ibada za ukoo. Asomaye maelezo hayo leo hushangazwa na jinsi msiba ulivyokuwa na mwili. Wanawake walilia kwa sauti, ngoma zilipigwa, vijana wa kiume wakiwa na mikuki walicheza mchezo wa vita, wakirukaruka na kukanyaga ardhi kwa nguvu, huku wanawake wakipita kati yao, na kadiri muda ulivyosogea, shughuli iliyoanza kwa kilio ilibadilika taratibu ikaingiwa na uchangamfu, hata vijana na wasichana wakaanza kutazamana kama watazamanavyo siku ya harusi. Mgeni asiyejua angeweza kudhani kwamba watu wale hawana majonzi. Kumbe majonzi yalikuwa yanapewa njia ya kupita, kuanzia kifuani hadi miguuni, mbele ya macho ya jamaa na majirani, wala hayakukatazwa kufika mahali ambapo uhai hurudi kujidai.

Lipo jambo jingine katika maelezo hayo ambalo kwangu ndilo lenye hikima kubwa kuliko yote. Katika ibada za kufiwa, wafiwa walimwagiwa takataka zilizofagiliwa, wakakaa ndani ya uchafu kana kwamba wamerukwa na akili. Na wenyewe walipoulizwa sababu, walieleza kwamba uchafu huo ni wa mauti, na kwamba afadhali uje sasa, katika siku zilizowekwa, kuliko kuja baadaye kwa sura ya wazimu wa kweli. Tutafakari maana yake. Watu hawa walitambua kwamba msiba unaweza kumharibu mtu akili. Waliona kwamba kumwambia mfiwa ajikaze hakumkingi. Basi wakamtengenezea mfano wa wazimu, wenye mwanzo na mwisho, wenye mashahidi, wenye mkono wa kumtoa humo na kumwosha siku ilipotimia. Huo ni mchezo katika maana iliyo nzito kabisa ya mchezo, yaani kitendo kinachofanana na jambo la kweli bila ya kuwa lenyewe, ambamo mtu huweza kuigusa hatari asiangamie.

Sitaki kuipamba zamani kuliko ilivyokuwa. Msiba ule ule uliomfariji mfiwa ulikuwa pia mahali pa kumtafuta aliyeroga, na wapo waliotoka katika maziko wakiwa na uadui mpya. Hofu ya wafu ilikuwa hofu ya kweli. Lakini mtu anaweza kukataa itikadi ya uchawi na bado akakubali kwamba umbo la ibada ile lilikuwa na elimu ya moyo ndani yake, na elimu hiyo haikuwa na sababu ya kutupwa pamoja na hofu.

Wamisionari wa Kimoravian na wale wa Misheni ya Berlin walifika katika nchi hii mwaka 1891, wakajenga makanisa, shule na zahanati, wakaleta mengi ambayo hakuna mtu wa Rungwe angetaka yaondolewe leo. Ngoma za maziko waliziona kuwa za kipagani, na waumini wao walitakiwa kuziacha. Mahali pake zikaja tenzi za kanisa, kwaya na tarumbeta. Haifai kusema kwamba badala hiyo ilikuwa tupu. Kwaya inayoimba usiku kucha katika nyumba ya msiba ni faraja kubwa, na desturi ya Wamoravian ya kukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka kwa nyimbo na tarumbeta ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo binadamu wameyabuni kwa ajili ya kuishi na wafu wao. Hata hivyo kuna kilichopungua. Wimbo wa kanisa umekwisha kutungwa, na mfiwa huingia ndani yake kama mtu aingiavyo katika nyumba ya mwingine, akakirimiwa lakini asiwe na ruhusa ya kuhamisha kiti. Ile sehemu ambayo mtu mwenyewe hubuni, hukosea, huruka, hupayuka na kuchafuka, ilikosa mahali pa kukaa.

Shule ilikuja na tatizo la aina nyingine, nalo ni alama. Mtoto wa Matwebe aliyekuwa akichora ardhini kwa kijiti, akafuta kwa unyayo na kuchora tena, huingia darasani akaambiwa achore jembe kama lile lililo ubaoni, na daftari lake hurudi likiwa na vema au kosa kwa wino mwekundu. Mwalimu hana nia mbaya. Ana watoto wengi, ana mtihani wa darasa la saba mbele yake, na masomo ya mikono, yaliyoitwa kwa miaka mingi Stadi za Kazi na Haiba na Michezo, ndiyo yaliyokuwa mepesi kuachwa saa zilipopungua. Lakini matokeo yake ni kwamba kufikia umri wa miaka kumi na miwili watoto wengi wamekwisha kujifunza kusema kuwa hawajui kuchora, maneno ambayo hakuna mtoto wa miaka minne aliyepata kuyasema. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, alilipigia kelele jambo hili tangu miaka ya 1960, alipoanzisha jumba la sanaa la Kibo kwao Marangu na Paa ya Paa mjini Nairobi, akisisitiza kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Alikuwa akiwatetea wachoraji wa kesho. Mimi ningependa kuwatetea pia wale ambao hawatakuwa wachoraji kamwe.

Soko nalo lina sehemu yake katika habari hii. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao bandia Dar es Salaam mwaka 1968, kwa mkono ulio huru na wenye furaha ambayo bado yaonekana katika kazi zake chache zilizobaki. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ukawa riziki ya mamia ya watu, ambao wengi wao wamelazimika kurudia picha zile zile zinazopendwa na watalii. Karibu zaidi na Rungwe, pwani ya Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu kwa mkono bila ya gurudumu, wakavilainisha, wakavipamba, wakavichoma, na vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, na kutoka huko hupanda hadi jikoni mwa watu wa mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Ni kazi ya heshima na ni mkate wa nyumba. Yamkini mfinyanzi hupata utulivu anapouzungusha udongo viganjani. Lakini chungu chake sharti kishike maji, na sharti hilo humweka mbali na mchezo tunaousema. Mtu anayetaka kuwaponya watu kwa sanaa, kisha akawaahidi papo hapo kwamba watauza walichotengeneza, amechanganya mambo mawili mema ambayo kila moja huliharibu jingine.

Ulimwengu wa hospitali nao uliigundua kwa bahati njia hii ya kufariji kwa sanaa. Adrian Hill, mchoraji wa Kiingereza aliyelazwa kwa kifua kikuu katika sanatoria ya Midhurst, alijikuta akichora vitu vilivyokuwa juu ya meza ya kitanda chake ili asiingiwe na kukata tamaa, akawafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akaipa shughuli hiyo jina la tiba ya sanaa. Miaka michache baadaye msanii Edward Adamson aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Netherne, kusini mwa Uingereza, kuanzia mwaka 1946. Na jambo linalosimuliwa zaidi juu yake ni kwamba hakufundisha, hakusahihisha, wala hakuwafasiria wagonjwa maana ya picha zao. Aliwapa meza, karatasi na rangi, akakaa. Katika zama zile ambazo wagonjwa wa namna hiyo walipasuliwa ubongo kwa tumaini la kuwatuliza, kukaa huko kulikuwa kitendo cha ujasiri.

Hakuna mfano uliozidi ule wa Friedl Dicker-Brandeis kwa uchungu na kwa utukufu. Mwanamke huyu, msanii wa Kiyahudi aliyezaliwa Vienna, alipelekwa mwaka 1942 katika kambi ya Wanazi ya Terezín, akaitumia sehemu ya mizigo michache aliyoruhusiwa kubeba kuchukua vifaa vya sanaa, na kwa muda wa karibu miaka miwili aliwafundisha watoto wa kambi kuchora kwa siri. Aliwahimiza watoto waandike majina yao juu ya picha zao, mahali ambapo wakubwa wa kambi walikuwa wamewageuza kuwa nambari. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa watoto wale waliuawa pia. Zilibaki picha kiasi cha 4,500, zimefichwa ndani ya masanduku mawili. Sanaa haikuwaokoa na mauti, na asiyekubali kulisema hilo waziwazi hafai kuizungumzia tiba ya sanaa. Iliwapa, kwa saa chache, mahali ambapo walikuwa watoto wenye majina, mbele ya mtu mzima aliyekuwa hatarini pamoja nao wala hakuwaacha.

Tukija kwenye hesabu za wanasayansi, yatupasa kuwa waaminifu, kwa kuwa jambo hili lina wapenzi wengi na wapenzi huzidisha. Mwaka 2016 watafiti wa Philadelphia nchini Marekani waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchezea udongo, kalamu za rangi na vipande vya karatasi, wakawapima mate kabla na baada. Takriban robo tatu yao walipungukiwa na kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa mtu anapobanwa na wasiwasi, na waliozoea sanaa hawakuwashinda wasioizoea. Ni habari ya kutia moyo, na inaafikiana na kauli kwamba ustadi si sharti. Lakini watu 39 ni wachache, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kutulia kwa saa moja si kupona. Kwa upande wa pili, jaribio kubwa lililofanywa Uingereza kwa wagonjwa 417 wa skizofrenia, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2012, halikuona kwamba waliopangiwa vikundi vya tiba ya sanaa walipata nafuu kuliko waliopewa matibabu ya kawaida tu, na wengi wao hawakuhudhuria mara nyingi. Shirika la Afya Duniani lilipokusanya tafiti zaidi ya 3,000 mwaka 2019 liliona faida nyingi za sanaa kwa siha ya watu, lakini tafiti hizo hazikuwa na uzito mmoja. Basi mtu mwenye maradhi makubwa ya akili apelekwe hospitali, apewe dawa zake, na asiambiwe na yeyote kwamba udongo unatosha. Hospitali ya Lutindi, milimani Usambara, ambayo tangu mwaka 1904 inawapokea wagonjwa wa akili, imekuwa ikiwapa dawa pamoja na kazi ya mikono na kilimo cha chai. Na mpango huo, wa kuweka mkono na dawa mahali pamoja, ndio ulio salama.

Mfano uliotufaa zaidi watu wa Afrika ya Mashariki ulitoka katika ukimwi wenyewe. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, wanawake wa chama cha NACWOLA, wote wakiishi na virusi, walianza kutengeneza vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama alichukua daftari la kawaida, akachora mti wa ukoo, akabandika picha kama ipo, akaandika au akaandikiwa mahali mtoto alipozaliwa, chakula alichokipenda alipokuwa mdogo, jina la babu na sababu ya jina hilo. Wengine hawakujua kuandika vizuri, wakachora. Faida ya kwanza ilikuwa ya mtoto, ambaye angebaki na kitu cha kushika. Lakini ilidhihirika kwamba faida nyingine ilikuwa ya mama mwenyewe, kwa kuwa katika kulitengeneza daftari lile pamoja na mtoto wake alipata njia ya kumwambia habari ya ugonjwa ambayo mdomo ulikuwa umeishindwa. Hapa kwetu, katika wilaya ya Muleba mkoani Kagera, mkoa ambao ndiko wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikotambuliwa mwaka 1983, mradi wa Humuliza wa Nshamba ulianza mwaka 1997 kwa imani kwamba yatima hahitaji sare na daftari peke yake, bali pia mtu mzima anayejua kuisikiliza huzuni yake. Ni wazo lililosafiri baadaye katika nchi nyingi za kusini mwa Afrika.

Kusikiliza huko ndiko kuliko na ugumu kuliko kupata rangi. Tuseme bibi mmoja, anamenya ndizi barazani, na mjukuu wake wa miaka minane, aliyefiwa na mama, anachora kwa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Amechora nyumba isiyo na mlango. Yapo maneno ambayo humjia mtu mzima haraka: nyumba gani hii haina mlango, watu wapite wapi? Akiyasema, mtoto atachora mlango, nao mlango huo utakuwa wa bibi. Bibi mwenye subira husema, "Nieleze nyumba yako, mjukuu wangu," kisha akaendelea kumenya. Labda mtoto atanyamaza. Labda atasema, "Hii ndiyo ile ya zamani, bibi, imefungwa." Bibi akijibu, "Naam, ilifungwa," amefanya kazi yote iliyohitajika siku hiyo, kwa maana mtoto amesikia kwamba jambo lile linaweza kutamkwa katika nyumba hii na ndizi zikaendelea kumenywa. Haikumpasa bibi afasiri picha, wala asake maana iliyofichika katika kila mstari. Mara nyingi nyumba isiyo na mlango ni nyumba tu ambayo mchoraji wake aliitwa kula kabla hajaimaliza.

Kwa watu wazima mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa wao huona haya. Mwanamume wa makamo aliyeketi akikanda udongo bila ya kusudi atajiona amepungukiwa na akili, na jirani atamsaidia kuona hivyo. Njia ninayoiona kuwa ya busara ni kumwingiza kwa mlango wa watoto: baba aombwe amsaidie mwanawe kutengeneza gari la magome, babu aombwe awaonyeshe vijana jinsi vinyago vya zamani vilivyosukwa, wajane waketi pamoja wakisuka mikeka ambayo safari hii haina mnunuzi wala kipimo, kila mmoja akiweka rangi aitakayo. Mikono ikiwa na kazi, macho huwa hayana haja ya kukutana, na watu wasiotazamana machoni husemezana mambo ambayo ana kwa ana wasingeyathubutu. Wafariji wa misiba wanalijua jambo hili wanapomenya ndizi na kuchambua mchele pamoja, hata kama hawajaliita kwa jina lolote.

Shuleni ningeomba jambo moja tu, nalo ni kipindi kimoja katika wiki ambacho kazi zake hazitiwi alama, hazishindanishwi, wala hazionyeshwi kwa wageni wa shule. Vifaa vipo: udongo wa bondeni, mkaa, chaki zilizovunjika, magome ya migomba, karatasi za mifuko ya saruji zilizokung'utwa. Mwalimu mkuu mwenye kuogopa kwamba muda utapotea na azingatie kwamba mtoto aliyebeba msiba huketi darasani siku nzima asisikie hesabu, na muda huo nao hupotea, ila hauandikwi katika ratiba. Mwalimu wa kipindi hicho hahitaji kujua kuchora. Anahitaji kujizuia, asisifu kupita kiasi wala kusahihisha, maana sifa nayo ni kipimo. Mtoto aliyesifiwa kwa jua la manjano atachora jua la manjano hadi amalize shule.

Lipo hatimaye suala la picha yenyewe, ni ya nani na iende wapi. Ni ya aliyeichora. Akitaka kuipeleka nyumbani, aipeleke. Akitaka kuichana, aichane. Na mwalimu au mchungaji anayetaka kuitundika au kuipiga picha ya simu na kuisambaza aombe idhini, akinyimwa asilazimishe. Kuna hali moja tu inayovunja faragha hiyo. Mara nyingine mkaa husema alichotendewa mtoto na mtu anayemjua, na hapo kazi ya faraja haitoshi. Mwalimu asimhoji mtoto kama hakimu, asimwahidi siri ambayo hataweza kuitunza, na asiende kwanza kwa familia kutafuta suluhu ya chini kwa chini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa; yuko afisa ustawi wa jamii wa wilaya, liko Dawati la Jinsia na Watoto katika polisi, na iko namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila ya malipo. Mambo hayo matatu yaandikwe na kubandikwa katika chumba kile kile ambamo watoto watachora, kwa maandishi ambayo hata wao wanaweza kuyasoma.